Kila Sharti na Kazi Yake: Mhadhara kuhusu Matangazo ya Ajira



Nimeombwa nizungumze juu ya tangazo la kazi lisilobagua watu. Ni mada inayopokewa kwa miguno katika ofisi zetu. Wapo wanaoiona ya Wazungu, wapo wanaoiona ya akina mama, na wapo wanaosema kazi zenyewe hazipo, sasa tunabaguana kwa kipi? Nitaanza ughaibuni, kisha nirudi nyumbani upesi, maana ya nyumbani ndiyo yaliyonileta.

Hadi miaka ya 1960 magazeti ya Marekani yalikuwa na safu mbili za matangazo ya kazi, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa kijinsia kazini, lakini safu zile hazikuondoka siku hiyo. Hata tume iliyoundwa kuisimamia sheria hiyo ilijivuta mpaka 1968 ndipo ikatamka kwamba safu hizo ni kosa. Gazeti moja la mjini Pittsburgh lilikataa kuziacha, likapigana hadi Mahakama ya Juu kwa hoja ya uhuru wa vyombo vya habari. Mwaka 1973 lilishindwa, kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji watano walisema tangazo la kazi ni biashara, na biashara yenyewe ikiwa imekatazwa na sheria, kuitangaza hakupati kinga ya uhuru wa habari. Lakini tazameni hesabu ya kura. Kura moja tu ingehama, safu zile zingebaki.

Waingereza nao, katika sheria yao ya mwaka 1975, walifika mahali pa kutaja maneno yenyewe. Walitaja manne: jina la mhudumu wa kiume wa mezani, la binti wa dukani, la mwanamume mpeleka barua, na la mhudumu wa kike wa safarini. Ukiliweka mojawapo kwenye tangazo bila maelezo ya kuonyesha vinginevyo, sheria ilikuhesabu kuwa umekusudia kubagua. Wajerumani mpaka leo huandika jina la kazi na kuweka baada yake herufi tatu, m, w na d, kuonyesha kwamba kila mtu anakaribishwa.

Sisi sarufi yetu haitudai hayo. Mhasibu, mhandisi, mhudumu, tarishi, mkurugenzi, mwenyekiti: hakuna hapo jina linalouliza mtu ni mume au mke. Machache yapo, kama bwana shamba na bibi shamba au bwana afya, na hayo serikali ilishayapa mbadala wa afisa ugani na afisa afya, ingawa kijijini bwana shamba bado hajastaafu. Kwa hiyo ofisa utumishi wa Dodoma au Mombasa akiandika "Anahitajika mhasibu", anaona amemaliza. Hapo ndipo tunapojipongeza mapema. Kwetu ubaguzi haukai kwenye jina la kazi. Unakaa chini yake, kwenye masharti.

Sheria zetu zinalijua hilo kuliko sisi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Na. 6 ya 2004, kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka, kwa misingi ya rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri na hali ya maisha. Anayedhani sheria huanza kazi mtu akishapewa mkataba akisome mpaka mwisho: mwombaji naye anahesabiwa humo kuwa mwajiriwa, na kutangaza kazi na vigezo vya kuchagulia watu vimetajwa bayana. Kenya iko vivyo hivyo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda anayetafuta kazi pamoja na aliye kazini, na ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inaongeza umri, hali ya ndoa na hata mavazi. Nchi zote mbili zimeridhia mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao ni wa mwaka 1958. Upungufu wetu, basi, si wa sheria.

Neno la kushika katika sheria hizo ni huko kuzunguka. Tangazo linaweza lisimtaje mwanamke hata mara moja, na bado likamtoa. Ili tusibaki hewani, nimetunga tangazo la mfano, nisimwaibishe mtu. Lakini hakuna kifungu ndani yake ambacho hamjapata kukiona ukutani, gazetini au kwenye kundi la WhatsApp.

"Anahitajika kijana mpambanaji wa kusimamia stoo ya vifaa vya ujenzi. Awe na umri wa miaka 22 hadi 30. Awe na shahada ya ununuzi na ugavi, na uzoefu usiopungua miaka 5. Awe na afya njema, leseni ya udereva, asiwe na majukumu ya kifamilia, na awe tayari kufanya kazi muda wowote. Awe na wadhamini wawili wenye nyumba. Mshahara maelewano. Wanawake wanahamasishwa kuomba."

Tuanze na umri. Chukueni kalamu. Mtoto akianza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, akasoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari na 2 ya kidato cha tano na cha sita, anamaliza akiwa na miaka 20. Shahada ya miaka 3 inamfikisha 23. Uzoefu wa miaka 5 unamfikisha 28. Mwajiri huyu, bila yeye mwenyewe kujua, anamtafuta mtu ambaye hakupoteza hata mwaka mmoja tangu utotoni, na ana nafasi ya miaka miwili tu ya kumpata. Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nafasi imembana. Aliyekosa ada akakaa nyumbani, aliyerudia mtihani, aliyehitimu akasubiri kazi miaka mitatu, aliyejifungua akalea, hao wote wamekwisha kutolewa kabla bahasha haijafunguliwa.

Na sasa uangalieni upande wa wasichana. Novemba 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Waliorudi watahitimu, Mungu akipenda, wakiwa wamepitwa mwaka mmoja au miwili na wenzao. Tangazo la "22 hadi 30" litawarudisha nyumbani mara ya pili, na aliyeliandika atakuambia kwa moyo safi kwamba hakumbagua mwanamke yeyote. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka ukomo wa miaka 45. Ukomo huo mtu anaweza kuujadili. Lakini 30, kwa mtunza stoo? Kuna leja gani inayomkataa mtu wa miaka 34?

Swali hilo ndilo ninalotaka mwende nalo kwa kila kifungu: sharti hili linadaiwa na kazi gani? Leseni ya udereva inadaiwa na kazi gani? Ukimuuliza mwenye stoo atakuambia, "Wakati mwingine inabidi afike saiti." Basi andika kwamba atakwenda saiti. Atakwenda kwa gari la ofisi, kwa daladala au kwa bodaboda utakayomlipia, hilo ni jambo la nauli. Katika mitaa mingi wenye leseni ni wanaume kwa wingi, na kwa sentensi moja umekwisha kuwapunguza waombaji kwa sababu ya safari ya mara mbili kwa mwezi.

Afya njema inadaiwa na kazi gani? Nafahamu hofu iliyopo nyuma ya maneno hayo: mfuko wa saruji una kilo 50. Lakini mtunza stoo habebi saruji. Wabebaji wapo, na wanalipwa kwa mzigo. Yeye anapokea, anahakiki hati ya kupokelea mali, anaandika leja, anatoa mali kwa hati iliyosainiwa, na mwisho wa mwezi anahesabu kilichobaki. Kama kweli kuna siku atanyanyua mzigo, semeni uzito wake, mara ngapi, na kama toroli lipo. Mwenye mguu bandia ataamua mwenyewe kama anaweza. Maneno "afya njema" yalivyo hayamwambii chochote isipokuwa kwamba hatakiwi.

Majukumu ya kifamilia nisiyachelewe, maana sheria imeyataja kwa jina. Kifungu hicho kwenye tangazo ni ushahidi wa maandishi dhidi ya mwajiri, na amejisainia mwenyewe. Halafu jiulizeni: mwanamume mwenye watoto wanne akiomba, kuna anayemuuliza watoto atawaacha na nani?

Wadhamini wenye nyumba. Hapa mtanisamehe, nitakaa kidogo. Sheria mbili za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Kwenye karatasi za nyumba, hata hivyo, jina linaloonekana mara nyingi ni la baba, la mume au la mjomba. Msichana anayetaka mdhamini mwenye nyumba analazimika kwenda kuomba kwa mwanamume, na si kila msichana ana mjomba wa kuombeka bila gharama. Mtoto wa mpangaji, awe wa kike au wa kiume, hana pa kwenda kabisa. Mwajiri anaogopa wizi, na ana haki ya kuogopa, kwani nondo na rangi vina miguu. Lakini nyumba ya mdhamini haizuii wizi. Unazuiwa na kuhesabu mali kila mwezi, na kutomwachia mtu mmoja kazi ya kuagiza, kupokea na kulipa. Mkitaka kujua tabia ya mtu, takeni wadhamini wanaomfahamu kikazi: mwalimu wake wa chuo, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mwenyekiti wa kikundi alichokiwekea hesabu.

Kuhusu "mshahara maelewano", mwenye kufaidika nayo ni yule ambaye tayari anajua ofisi inalipa kiasi gani, kwa kuwa ana shemeji ndani. Mgeni atataja kidogo kwa kuogopa kukataliwa, na miaka mitatu baadaye watu wawili wenye kazi ileile watakuwa na mishahara tofauti ambayo hakuna anayeweza kuieleza. Andikeni kiwango.

Nimebaki na maneno mawili, kijana na mpambanaji. Kwa kamusi kijana anaweza kuwa wa kike au wa kiume. Kwa mtaani kijana wa stoo ni wa kiume, kama vile binti wa mapokezi hawezi kuwa Juma. Na nisisahau upande huo wa pili, maana ubaguzi huu una watoto wa kiume pia. Ukatibu muhtasi, mapokezi na malezi ya watoto wadogo hutangazwa kana kwamba mwanamume akiomba amepotea njia.

Juu ya maneno kama mpambanaji uko utafiti mmoja ninaouheshimu. Danielle Gaucher na Justin Friesen wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na Aaron Kay wa Chuo Kikuu cha Duke, walichapisha mwaka 2011 kazi yao juu ya lugha ya matangazo. Waliona kwamba matangazo ya fani zilizojaa wanaume yana maneno mengi zaidi ya uongozi, ushindani na ubabe. Wanawake waliposomeshwa matangazo yaliyosheheni maneno hayo hawakuona kwamba hawana uwezo. Waliona kwamba si mahali pao, na kazi ikapungua mvuto. Utafiti ule ni wa Kiingereza, kwa hiyo sitawapa orodha yao ya maneno nikaifanya msahafu. Lakini mtu anayeandika kwamba anamtaka "simba wa mauzo" ajue kwamba amemchora mtu fulani kichwani mwa msomaji, na mtu huyo hana kilemba cha kike.

Iko takwimu nyingine inayopendwa sana kwenye semina, ile isemayo wanaume huomba kazi wakitimiza asilimia 60 ya masharti na wanawake mpaka watimize asilimia 100. Acheni kuitumia. Haina utafiti uliochapishwa nyuma yake. Ilianza kama maneno yaliyonukuliwa kutoka ndani ya kampuni moja, na wanasemina wakaipa miguu. Hatuihitaji. Masharti yasiyo na kazi yanamdhuru kila anayeamini kwamba tangazo linamaanisha lilichosema, na watu wa namna hiyo wapo wake kwa waume. Asiyedhurika ni mwenye mtu wa kumnong'oneza, "We omba tu, hayo huwekwa yakae."

Na sentensi ya mwisho, ya kuwahamasisha wanawake? Ikiwa juu yake kuna vifungu sita vya kuwatoa, ni adabu tu. Haina madhara, haina faida.

Tangazo lilelile ningeliandika hivi:

"Anahitajika mtunza stoo ya vifaa vya ujenzi, Mwanza. Kazi: kupokea, kuhakiki na kutoa mali, kuandika leja, kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi, kufika saiti mara mbili kwa mwezi kwa usafiri wa kampuni. Sifa: stashahada ya ununuzi na ugavi, usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, na uzoefu wa miaka 2 wa kutunza stoo ya aina yoyote, ikiwemo ya shule, hospitali au ushirika. Saa za kazi: Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, pamoja na saa moja ya chakula, Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana. Ziada hulipwa. Mshahara: Sh. 700,000 hadi 850,000 kwa mwezi kabla ya makato. Likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha kwa mujibu wa sheria. Stoo iko ghorofa ya chini, haina ngazi. Mwenye ulemavu anayehitaji msaada wakati wa usaili atuarifu mapema."

Hesabuni saa hizo: zinatimia 45 kwa wiki, kiwango cha sheria ya Tanzania. Kuziandika kunamsaidia mama mwenye mtoto wa chekechea, na kunamsaidia vilevile mwanamume anayesoma jioni. Usajili wa Bodi nimeuweka kwa kuwa hilo ni sharti lenye mwenyewe. Uzazi nimeutaja kwa sababu siku 84 za likizo na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha zimo katika sheria tangu 2004, lakini msichana anayeomba kazi ya kwanza hajui kama mwajiri huyu anazifuata.

Najua mtaniuliza: mwalimu, tukiyaondoa masharti, si tutapokea maombi elfu? Mtayapokea. Sina jibu la kuwafariji. Umri umekuwa chujio la bei rahisi, ofisi haitoki jasho, gharama inabebwa na watu ambao hamtawaona kamwe. Chujeni kwa kazi. Wapeni waombaji karatasi moja yenye miamala kumi ya stoo, ndani yake mmoja una kosa, waandike leja kwa nusu saa. Atakayeliona kosa mmempata, awe na miaka 24 au 44.

Wala sisemi kwamba kila sharti la jinsia ni dhambi. Sheria ya Tanzania inakubali tofauti inayodaiwa na kazi yenyewe. Matroni wa bweni la wasichana awe mwanamke. Mlinzi wa kupekua wanawake mlangoni awe mwanamke. Nchini Kenya lugha ndiyo ngumu zaidi: mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba hawezi kazi bila lugha ya wenyeji, na hapo sharti linasimama. Karani wa benki katika mji huohuo hana haja nayo, na likiwekwa sharti hilo kwake kila mtu anajua limewekwa kwa ajili ya nani. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kwenye tangazo ndipo theluthi hiyo inapoanza kuvunjwa au kulindwa.

Neno moja la mwisho kuhusu watu wenye ulemavu, na ni la kiufundi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ofisi zinasema hazipati waombaji. Mara nyingi tangazo lenyewe ni karatasi iliyopigwa picha kwa simu na kurushwa kwenye makundi. Simu ya mtu asiyeona, yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ikifika hapo haina cha kusoma. Inasema "picha" na kunyamaza. Andikeni matangazo kwa maandishi. Ni kazi ya dakika kumi.

Na jambo ninalowaomba mlifanye kuanzia tangazo lenu lijalo ni kuweka daftari. Andikeni walioomba ni wangapi, wake wangapi na waume wangapi, wa umri gani, wenye ulemavu wangapi, walilisikia wapi tangazo, na kila mmoja aliyeachwa aliachwa kwa sharti lipi. Ofisi isiyo na daftari hilo isituambie kwamba wanawake hawaombi kazi.